Nadhiri ya Bi Champa

Kingsbury, London
9 Septemba 1997

Dada yangu Jokha,

Assalaam alaykum. Afya yangu ni afya ya dereva wa basi: mgongo unalalamika, mengine hayana neno. Huko Kiponda natumai shemeji na presha yake wanaelewana, na binti yako Siham bado anasoma. Hapa mvua imeanza. Nilikuandikia hivyo hivyo mwaka jana mwezi huu huu, kwa hiyo ukitaka habari zaidi za hali ya hewa itoe ile barua uisome tena.

Sikupigi simu kwa kuwa simu iko kwa jirani yako, na hili si la kusikika kwa jirani.

Unajua nimepanga chumba cha juu kwa Bi Champa, jirani yetu wa zamani wa Kiponda, mke wa marehemu Bwana Ratilal wa duka la vitambaa. Nilikueleza nilivyomkuta dukani Kingsbury Road, anamgombeza muuzaji kwa Kiswahili kwa ajili ya muhogo uliooza, nikamtambua kwa sauti kabla sijamwona uso. Sasa ana miaka sabini na minane. Mwanawe yuko Kanada, humpigia simu kila Jumapili kumwuliza kama amekula.

Wiki iliyopita aliniita jikoni, akaniambia nikae. Akasema, "Mansour, mimi nakufa." Nikamwuliza daktari amesemaje. Akasema daktari bado hajajua.

Kisha akanieleza. Zamani, Unguja, mtoto wa mama yetu alishikwa na kifaduro mpaka pumzi ikawa haipiti. Bi Champa akaweka nadhiri kwa Amba, mungu wake wa kike, ambaye hekalu lake liko juu ya mlima Girnar huko Gujarati. Mtoto akipona, yeye Champa ataupanda mlima pamoja naye, na nywele za mtoto zitakatwa huko juu ziachwe pale. Mpaka siku hiyo zisiguswe. Mama akakubali, mtoto akapona, na mlima haukupandwa. Kwanza lilikuwa duka, kisha ukaja mwaka sitini na nne, kisha London.

Nikamwuliza mtoto gani. Akaninyooshea kijiko. "Wewe," akasema.

Hawezi kufa na nadhiri shingoni, anasema, na mimi nimemwambia nitakwenda naye. Limebaki jambo moja dogo. Nywele zangu, kama unavyoona katika picha niliyokutumia, ziliniaga mwaka 1989. Bi Champa hajalitaja hilo. Nadhani anaona haya. Tafadhali niandikie unachokumbuka kuhusu ugonjwa wangu.

Mdogo wako,
Mansour


Kiponda, Unguja
22 Oktoba 1997

Mdogo wangu Mansour,

Wa alaykum salaam. Barua yako ilikaa posta wiki tatu, au ilikaa mkobani mwangu wiki tatu, sikumbuki. Shemeji yako hajambo. Siham ameposwa na Suhaib, fundi umeme wa Mkunazini. Kijana hana makuu, hukubali kila anachoambiwa, na kwa Siham sifa hiyo itamfaa. Paa la jikoni linavuja pale pale.

Ama huo mlima. Wewe umesomeshwa msahafu mpaka ukahitimu, na aliyekuwa akikukokota kwenda chuoni kila siku ni mimi. Leo, na miaka yako arubaini, unataka kwenda kunyolewa mbele ya sanamu. Nadhiri huwekwa kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Aliyoiweka Baniani aitimize Baniani. Mimi nafundisha watoto wa kike Kurani hapa mtaani. Wazee wao wakisikia, uso nitauweka wapi?

Kuhusu ugonjwa, wewe utotoni hukuumwa kitu ila uvivu. Nakumbuka vizuri sana. Mpikie Bi Champa uji wa pilipili manga, umfunike vizuri, na fikra hizo zitamtoka. Mpe salamu zangu.

Dada yako,
Jokha

Hizo salamu, acha. Usimpe.


Kingsbury, London
3 Desemba 1997

Dada Jokha,

Assalaam alaykum. Hongera kwa Siham. Mwambie mume anayekubali kila kitu achungwe, maana hata wengine wakimwambia atakubali. Mimi mzima, ila miguu yangu si yangu tena, na sababu nitakueleza.

Nimezisoma hoja zako zote. Dada, sendi kuabudu. Nakwenda kumsindikiza mtu mzima, na tukifika juu nitavua kofia. Hata kwa kinyozi wa hapa naivua.

Hilo la kusema sikuumwa limenisikitisha kidogo. Nilikuwa mtoto dhaifu. Mama alinambia mwenyewe, na ndiyo maana nilikuwa napewa mimi ini la kuku. Wewe huenda hukuona kwa kuwa ulikuwa umeshughulika kunikokota.

Bi Champa amesema hataki niutie aibu mlima. Kila Jumanne, siku yangu ya mapumziko, tunakwenda kituo cha treni za chini cha Hampstead, ambako ngazi zinapita mia tatu. Yeye hukaa juu kwenye kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Mimi nashuka, napanda, nashuka tena, naye anahesabu. Mfanyakazi wa kituo ameniuliza mara mbili kama lifti imeharibika. Mara ya pili Bi Champa akamjibu kwamba mimi ni mgonjwa na sasa naendelea vizuri.

Mwanawe amepiga simu kutoka Kanada siku isiyo Jumapili kusema mama yake haendi popote. Bi Champa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama amekula, akakata.

Tutaondoka Februari baada ya Idi. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mansour


Kiponda, Unguja
14 Januari 1998

Mdogo wangu Mansour,

Wa alaykum salaam. Tumo katika mfungo na joto kali. Shemeji yako anafunga na presha yake, nimemkataza, hasikii. Paa la jikoni limetengenezwa, sasa linavuja sebuleni. Harusi ya Siham itakuwa Mei. Suhaib amekubali.

Kulikuwa na mengine uliyoniuliza. Karatasi imekwisha.

Jokha


Kingsbury, London
15 Machi 1998

Dada Jokha,

Assalaam alaykum, na Idi njema iliyopita. Karatasi yako iliyokwisha ilikuwa na nusu ukurasa mweupe. Nimeiweka, huenda ukaihitaji.

Tumekwenda na tumerudi. Sote wawili tuko hai, na hilo Kanada hawakulitarajia.

Pale chini ya mlima kuna mizani ya kupimia watu. Asiyeweza kupanda hukalishwa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mti, kinaitwa doli, na watu wawili humbeba mabegani. Ujira ni kwa uzito. Bi Champa alipimwa mbele ya umati kama gunia la karafuu, akagombana na mizani kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili. Kabla hajakaa alipanda ngazi ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe, ameniegemea begani. Akasema hiyo moja ni ya nadhiri, zilizobaki magoti yamezikataa. Mimi nilikuwa nimeshaswali alfajiri pembeni ya muuza chai, ambaye alizima redio yake bila kuambiwa.

Mpaka kwa Amba ni ngazi za mawe elfu tano hivi. Mazoezi ya Hampstead yalinifikisha mia nane. Kutoka hapo nilipandishwa na haya, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na vikongwe wanaopanda huku wanaimba. Nyani akanipokonya ndizi, nikamwachia, sikuwa na nguvu za kesi. Wabebaji wa Bi Champa walikuwa wembamba kuliko mti walioubeba. Kila walipotua kupumzika, yeye alinigeukia akaniuliza kama nimechoka.

Saa nne asubuhi tulikuwa juu. Dada, niligeuka nikatazama chini, nchi nzima imelala ndani ya ukungu, na ghafla nikamkumbuka mama. Ningelia, lakini wale vikongwe walikuwa wamenikaribia.

Ngazi za mwisho Bi Champa alishuka kitini akazipanda mwenyewe. Zilikuwa kumi na moja, zikachukua robo saa. Mlangoni mwa hekalu alikuwepo kinyozi na wembe wake. Nikavua kofia. Kinyozi akanitazama mimi, akautazama wembe, akamwita kuhani. Kuhani akanizunguka mpaka nyuma. Wakashauriana, na waliokuwa kwenye foleni wakachangia. Mmoja akapendekeza ndevu. Kuhani akasema ndevu hazimo katika nadhiri. Mwisho wakakata vijinywele vya juu ya masikio. Kijiko cha chai havikukijaza.

Bi Champa alivitazama kiganjani mwa kinyozi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa hiyo aliyeelewa ni mimi tu: "Si hizi. Mtoto yule alikuwa na msuko."

Akakataa kuingia. Alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, amekuja kutoka London kwa ajili ya mlango huo, akageuka akarudi kwenye kiti chake. Tukashuka.

Tangu turudi hali chakula vizuri wala hagombi na mtu. Juzi dukani alipewa muhogo mbovu, akaupokea. Nimeogopa, dada, nakwambia kweli. Je, mama aliwahi kunisuka mimi?

Mansour


Kingsbury, London
27 Mei 1998

Dada Jokha,

Assalaam alaykum. Natumai harusi imepita salama na Siham yuko kwake kwa heri. Nilimtumia shuka kwa mkono wa Hayat, aliyekuwa anakuja huko. Mimi mzima.

Ni miezi miwili na nusu, sijapata jibu.

Bi Champa alilazwa hospitali siku nane. Sasa amerudi, tumemtandikia kitanda sebuleni kwa kuwa ngazi za nyumba zimemshinda. Daktari sasa amejua. Anasema labda mwaka, labda pungufu. Bi Champa akamwambia, "Nilikwambia."

Haulizi dawa. Kila asubuhi tarishi akipita, anauliza kama kuna barua ya Unguja. Mimi sikumwambia kuwa nilikuandikia. Jana usoni pake nimeona kitu ambacho sijakiona tangu nimjue: anaogopa. Anasema atakwenda kwa Mola wake amevaa deni.

Ya dini sikuulizi tena. Nakuuliza kama ni mimi.

Mansour


Kiponda, Unguja
11 Julai 1998

Mdogo wangu Mansour,

Wa alaykum salaam. Harusi ilipita salama. Shuka zimefika, Siham anashukuru. Shemeji yako alicheza beni kidogo, presha ikapanda, ikashuka. Suhaib alipoulizwa na kadhi alikubali kabla swali halijamalizika.

Si wewe.

Nadhiri ile iliwekwa mwaka 1956. Wewe umezaliwa 1957. Umepanda ngazi elfu tano kwa ugonjwa uliopona kabla hujazaliwa. Bi Champa ni mtu mzima, kumbukumbu imemchanganya, akamshika mtoto aliyekuwa karibu. Na wewe, mtoto wa kiume pekee, ukiambiwa jua limetoka kwa ajili yako huulizi swali.

Aliyeumwa kifaduro ni mimi. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka Bi Champa amenibeba dirishani usiku na mchana ili nipate hewa, ananipigapiga mgongo, na mama yuko sakafuni analia. Baada ya pale mama hakuruhusu mkasi unisogelee kichwani. Mimi nilijua kwa nini. Mama alipofariki, nikaendelea. Mtu avaaye buibui, nani atamjua? Shemeji yako anadhani napenda urembo.

Nilikuandikia kwamba ni kwa ajili ya dini, na wakati naandika nilijiamini. Lakini si dini. Sasa nakwambia, na usinijibu kuhusu hili.

Mwaka sitini na nne, siku Bi Champa alipokuwa anaondoka, alikuja kwetu mchana. Alipanda ngazi akapiga hodi. Siku zile za mapinduzi ilitosha mtu kuonekana na fulani ili aje kuchukuliwa. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja. Wewe ulikuwa umelala mkekani. Akapiga hodi ya pili, akasema, "Mama Jokha, ni mimi. Nataka nywele za mtoto tu, nizipeleke." Mama akazidi kunibana. Ikaja ya tatu. Hakuwa na hasira, na ndiyo iliyoniuma. Kisha nikasikia anashuka.

Mtu aliyenirudishia pumzi alisimama mlangoni kwetu akaomba nywele, na mimi niliyekuwa na miaka kumi na miwili, mwenye akili zangu, sikusema karibu. Naishi nyuma ya mlango ule ule. Mpaka leo mtu akipiga hodi, hata muuza samaki, naona aibu kabla sijauliza ni nani. Sasa umeelewa kwa nini zile salamu nilizirudisha. Salamu kwake ningezitoa kwa uso gani?

Nimemwendea shekhe wetu. Nikamwuliza, mwanamke akikata nywele zake akampa jirani wake wa zamani, mwanamke mwenzake, kuna ubaya? Akasema hakuna, mradi zifunikwe. Sikumweleza jirani atazipandisha wapi. Mimi siabudu sanamu, Mansour. Narudisha amana ya mtu.

Jaffar wa Hurumzi anakuja London wiki ijayo. Atakuletea kifurushi. Nimemwambia ni bizari, na juu nimejaza bizari kweli ili nisimfanye mwongo forodhani. Chini, ndani ya kipande cha kanga ya mama, ni msuko wangu. Nimeukata jana kwa mkasi wa jikoni. Shemeji yako ameniona, amekwenda msikitini mapema. Shingo inaingia upepo, sijazoea.

Mpe mkononi, si juu ya meza. Mwambie Jokha alikuwamo ndani. Mwambie nimesema karibu.

Dada yako,
Jokha


Kingsbury, London
2 Agosti 1998

Dada yangu Jokha,

Assalaam alaykum. Kifurushi kimefika. Jaffar aliulizwa forodhani, akaapa ni bizari kwa jina la Mungu, na wakaonja. Ulichonikataza kukijibu sikijibu. Ila nimekaa kitandani na barua yako asubuhi nzima, na basi langu likaendeshwa na mtu mwingine.

Nilimpa Bi Champa leo, baada ya simu ya Kanada. Nilimpa mkononi. Aliifungua kanga mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Msuko ni mrefu kupita mkono wangu, na sikujua kuwa una mvi kiasi hicho. Akaunusa. Akaupima kwa shubiri, nne na nusu, akaulaza kifuani na kuuwekea mikono yote miwili. Kisha akaomba chakula. Alikula, akasema dengu hazina chumvi, na hazikuwa na chumvi kweli.

Yeye hatapanda tena. Nitaupandisha mimi, Februari. Amesema safari hii nisivue kofia. Gereji wamekataa kunipa likizo, kwa hiyo mwezi huo nitaumwa.

Nikamwambia ulivyoniagiza, yote, mpaka hilo la karibu. Sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema, "Mwambie Jokha nilijua mlikuwamo. Viatu vyenu vilikuwa mlangoni, jozi tatu."

Nikamwuliza mbona hakusema kitu. Akasema hodi ni tatu, ya nne haipo, na chini barabarani watu walikuwa wanatazama. Angesimama zaidi nao wangevihesabu viatu. Kimoja, kidogo, cha msichana, kilikuwa kimepinduka, soli juu. Akainama akakigeuza, akakiweka sawa na mwenzake, ndipo akashuka ngazi.

Mdogo wako,
Mansour